Kompyuta ya michezo: tuongeze mkata nguo au mshonaji?

Ndugu msomaji, miongoni mwa madai yanayofikishwa mbele ya mzazi wa mjini siku hizi, kando ya karo, kodi ya nyumba na nauli za kila asubuhi, limezuka dai moja ambalo wazee wetu hawakulijua. Kijana ataka kompyuta ya nyumbani iongezewe nguvu ili iweze kucheza michezo ya kisasa. Wako wazazi wanaolikataa dai hilo kabla ya kulisikia, kwa kuona kwamba ni upuuzi mtupu. Wako na wengine wanaolikubali bila kuuliza, wakatoa fedha na kumkabidhi kijana au fundi. Makundi yote mawili hayatendi haki, kwani la kwanza humnyima kijana nafasi ya kueleza haja yake, na la pili huinyima nyumba nafasi ya kujua fedha zake zimekwenda wapi.

Mfanyakazi mmoja wa hapa Dar es Salaam ametuletea barua kuhusu jambo hili. Asema alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini, yenye prosesa ya Intel Core i5-6500, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na skrini ya kawaida. Baadaye, kwa fedha za upatu wa mkewe, alimnunulia mwanawe kadi ya picha ya GeForce GTX 1650. Furaha ikaingia nyumbani. Lakini kijana alipoanza kuucheza mmoja wa ile michezo ya mapambano ambamo watu 100 huteremshwa katika kisiwa kimoja, picha zikawa zinakwama na kuruka. Sasa kijana adai kadi kubwa zaidi, GeForce RTX 3060. Baba aona kwamba amedanganywa, mama hasemi neno juu ya fedha zake za upatu, na kijana ameanza kula chakula cha usiku peke yake. Mwandishi wa barua atuuliza: kati yangu na mwanangu, ni nani mkweli?

Jibu letu ni kwamba wote wawili ni wakweli. Kadi ya kwanza haikuwa ulaghai, na michezo kweli inakwama. Kilichokosekana ni kujua ni chombo gani ndani ya sanduku lile kinachowachelewesha wenzake. Jambo hilo halihitaji shahada ya chuo kikuu; mzazi yeyote aliyewahi kuingia katika duka la mshonaji ataweza kulifahamu.

Kazi mbili, mafundi wawili

Fikiri juu ya duka la nguo lenye mafundi wawili. Wa kwanza hupima na kukata vitambaa. Wa pili hukaa kwenye cherehani na kushona. Iwapo mkata nguo aweza kukata mashati 5 kwa siku, na mshonaji aweza kushona 12, je, duka litatoa mashati mangapi? Litatoa 5. Hata mwenye duka akinunua cherehani mpya ya umeme yenye uwezo wa kushona mashati 30, bado yatatoka 5 tu, na cherehani ile itakaa kimya ikimsubiri mkasi. Kamba hukatikia pabovu.

Katika kompyuta ya michezo, mkata nguo ni prosesa. Ndiyo inayokokotoa kila mchezaji yuko wapi, risasi imekwenda upande gani, adui anayeongozwa na kompyuta afanye nini, na ukuta uanguke vipi. Baada ya hapo huandaa maagizo: chora nyumba hapa, mtu pale, mti kule. Mshonaji ni kadi ya picha. Yeye hupokea maagizo hayo na kuyageuza kuwa picha kamili, yenye rangi, kivuli na mwanga, nukta baada ya nukta, kisha akaipeleka katika skrini.

Kazi hizi hazikutenganishwa tangu mwanzo. Mchezo wa Doom, uliotoka mwaka 1993 na kupata sifa duniani kote, ulichorwa wote na prosesa peke yake. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ya Marekani ilitoa kadi zake za Voodoo, ambazo zilichukua sehemu kubwa ya kazi ya kuchora. Mwaka 1999 kampuni ya NVIDIA ikatoa GeForce 256, ambayo ilichukua na sehemu ya hesabu za maumbo na mwanga. Tangu hapo kila kompyuta ya michezo imekuwa duka la mafundi wawili, na swali la nani amchelewesha nani halijaondoka.

Hesabu ya sekunde moja

Mchezo wa kompyuta hauonyeshi picha moja inayotembea. Huonyesha picha nyingi zilizosimama, moja baada ya nyingine, upesi kiasi kwamba jicho huona mwendo. Skrini nyingi za majumbani hubadili picha mara 60 kwa sekunde. Hii ina maana kwamba kila picha imepewa muda wa milisekunde 16 na kitu, yaani sehemu ya 60 ya sekunde. Katika muda huo prosesa iwe imekwisha kutoa maagizo ya picha moja, na kadi iwe imekwisha kuchora picha moja.

Tuchukue mfano. Prosesa yaweza kuandaa picha 45 kwa sekunde. Kadi yaweza kuchora 90. Mchezaji ataona 45. Ukiibadili kadi kwa nyingine yenye uwezo wa kuchora 180, ataona 45 zile zile. Lakini ukiibadili prosesa kwa nyingine inayoandaa 80, ataona 80 papo hapo, na kadi ya zamani ni ile ile. Mfano huu waweza pia kugeuzwa: prosesa ikiandaa 120 na kadi ikachora 40, fedha zitakazotumika kwenye prosesa zitakuwa zimetupwa baharini.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Uzito wa kazi ya kadi hutegemea sana wingi wa nukta za skrini. Skrini ya kawaida yenye nukta 1920 kwa 1080 ina jumla ya nukta 2,073,600. Ile ya 2560 kwa 1440 ina nukta 3,686,400. Ile kubwa ya 3840 kwa 2160 ina nukta 8,294,400, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Kadi hulazimika kuzichora nukta zote hizo. Prosesa, kwa upande wake, haijali sana ukubwa wa skrini, kwa kuwa adui ni yule yule na risasi ni ile ile, iwe skrini ni ndogo au kubwa. Kwa sababu hiyo, kompyuta moja yaweza kuchelewa kwa ajili ya kadi katika skrini kubwa, na kuchelewa kwa ajili ya prosesa katika skrini ndogo.

Michezo nayo haifanani. Ule wa kujenga miji, Cities: Skylines, uliotoka mwaka 2015, hufuatilia maelfu ya wakazi na magari, na mji ukikua mzigo huiangukia prosesa. Cyberpunk 2077, wa mwaka 2020, huielemea sana kadi kwa mwanga na vivuli vyake, hasa mchezaji anapoviweka katika daraja la juu. Kwa hiyo basi, mtu akikuambia kwamba prosesa fulani na kadi fulani "hazipatani" kwa asilimia kadhaa, bila kukuuliza unacheza mchezo gani na una skrini ya namna gani, mshukuru kisha uendelee na safari yako.

Mtihani wa nyumbani usio na gharama

Kabla ya senti moja kutoka mfukoni, yafaa mzazi na kijana waketi pamoja mbele ya kompyuta yao na kufanya mtihani ufuatao. Hautachukua hata saa moja.

Kwanza, katika mipangilio ya mchezo, ondoeni kile kifungo kinachozuia idadi ya picha isizidi uwezo wa skrini. Kikibaki, majibu yatawadanganya. Washeni pia hesabu ya picha kwa sekunde, ambayo michezo mingi huwa nayo.

Pili, chezeni mahali pale panapokwama, kwa ukubwa wa kawaida wa 1920 kwa 1080, na mwandike idadi ya picha katika karatasi.

Tatu, punguzeni ukubwa hadi 1280 kwa 720, ambao una nukta 921,600 tu, chini ya nusu ya zile za kwanza. Chezeni tena mahali pale pale. Idadi ikipanda sana, aliyekuwa akichelewesha ni kadi, maana mmempunguzia mzigo naye akakimbia. Idadi ikibaki karibu pale pale, kadi haina kosa. Mkata nguo ndiye aliyechelewa.

Nne, hakikisheni kwa macho. Katika Windows, bonyezeni kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, na mfungue ukurasa wa utendaji wakati mchezo unaendelea. Kadi ikifanya kazi karibu na asilimia 100, yeye ndiye kikomo. Ikicheza kwenye asilimia 50 au 60 huku picha zinakwama, yaelekea inasubiri. Lakini msihadaike na jumla ya prosesa. Prosesa yenye viini vinne, kiini kimoja kikizidiwa kabisa na vingine vitatu vikikaa bure, itaonyesha asilimia 25 tu, nanyi mtadhani kwamba imepumzika. Tazameni kila kiini peke yake.

Katika ukurasa huo huo itazameni na kumbukumbu. Ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia mambo katika diski, na hapo mchezo hukwama vibaya hata kama prosesa na kadi zote ni nzima. Jifya moja haliinjiki chungu. Prosesa, kadi na kumbukumbu ndiyo mafiga matatu ya kompyuta ya michezo.

Turejee katika barua

Prosesa ya Core i5-6500 ilitoka mwaka 2015. Ina viini vinne, na kila kiini hushughulikia mkondo mmoja wa kazi kwa wakati mmoja. Kwa kazi za ofisi yatosha kabisa. Kwa mchezo wenye watu 100, majengo yanayobomoka na sauti zinazotoka pande zote, mikondo minne hujaa upesi, na ikijaa picha huruka. Dalili alizotueleza msomaji wetu zaelekea upande huo, ingawa mtihani wa hapo juu ndio utakaotoa hukumu.

Sasa tuitazame RTX 3060 anayoitaka kijana. Ni kadi nzuri, iliyotoka mwaka 2021. Lakini hula umeme wa wati 170, yataka waya wake maalumu wa umeme, na mtengenezaji wake hushauri pawa saplai ya wati 550. Kompyuta nyingi za ofisi za wakati ule huwa na pawa saplai ya wati 240 au karibu na hapo, isiyo na waya huo, na mara nyingi plagi zake si za kawaida hata ya dukani isiingie. Tundu la kadi katika ubao mkuu hutoa wati 75 tu, na ndiyo maana GTX 1650, ambayo kwa kawaida hutosheka na kiasi hicho, ilikubali kufanya kazi katika kompyuta hiyo. Mzazi angelinunua RTX 3060, angelilazimika kununua pawa saplai, pengine na ubao mkuu, pengine na sanduku jipya. Na baada ya gharama zote hizo, kama tatizo ni prosesa, mchezo ule ule ungelikwama mahali pale pale. Hapo ndipo nyumba huvunjika moyo.

Kwa hali yake, tungelimshauri afuate ngazi hii, akianza na lisilo na gharama. Afungue sanduku na kuondoa vumbi. Katika joto la mji wetu, feni iliyoziba na dawa ya kupitisha joto iliyokauka huifanya prosesa ipunguze mwendo wake ili isiungue, na mtu hudhani imezeeka kumbe inaona joto. Kisha, katika mipangilio ya mchezo, apunguze umbali wa kuona na wingi wa watu na vitu, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoilemea prosesa. Kupunguza vivuli peke yake humsaidia zaidi mshonaji, ambaye hakulalamika.

Hatua ya pili ni kumbukumbu. Mashine nyingi za ofisi huja na kijiti kimoja cha gigabaiti 8. Kuongeza cha pili kinacholingana nacho kutafikisha gigabaiti 16, na zaidi ya hapo kutafungua njia ya pili kati ya kumbukumbu na prosesa, mithili ya barabara kuongezewa upande wa pili. Hatua ya tatu ni kutafuta prosesa ya Core i7-6700 iliyotumika, ya kizazi kile kile cha mwaka 2015 na ya tundu lile lile. Nayo ina viini vinne, lakini hushika mikondo minane, na hula umeme ule ule wa wati 65. Fundi athibitishe kwanza kwamba ubao mkuu unaikubali.

Hata hivyo, tusifiche ukweli. Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, kwa maana ya kwamba msaada wa kawaida wa usalama ulikoma, na prosesa zote mbili tulizozitaja hazimo katika orodha rasmi ya Windows 11. Kwa hiyo fedha za kuitengeneza kompyuta hii ziwe kidogo. Zilizo kubwa ziwekwe akiba kwa ajili ya msingi mpya, na GTX 1650 itahamia humo bila shida.

Wakati ambapo kadi ndiyo dawa

Msomaji asije akadhani kwamba twaitetea prosesa siku zote. La hasha. Mwenye prosesa ya viini sita au zaidi ya miaka ya karibuni, lakini kadi yake ni ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, akinunua kadi atapata faida kubwa mara moja. Mwenye kutaka kuhamia skrini ya nukta nyingi, naye atazame kadi kwanza.

Kwa wenye kompyuta za ofisi ambao mtihani umeonyesha kwamba hitaji lao ni kadi, ziko zinazotosheka na umeme wa tundu. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2024, hula wati 70. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 hula wati 53 tu, lakini ina tahadhari yake: hutumia njia nne tu za mawasiliano, na katika ubao mkuu wa zamani, ambao njia zake ni za mwendo mdogo, hupoteza sehemu ya nguvu zake.

Wako na wale walionunua kompyuta za Ryzen kuanzia mwaka 2017, za tundu liitwalo AM4. Hao wana bahati. Mwenye Ryzen 5 1600 ya mwaka ule aweza, katika mbao kuu nyingi, kuweka Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 baada ya fundi kusasisha programu ya ubao, huku kumbukumbu, diski na kadi vikibaki vile vile. Prosesa ya Ryzen 7 5800X3D ya mwaka huo huo, yenye hazina ya ndani ya megabaiti 96, hupunguza safari za kwenda na kurudi katika kumbukumbu, na michezo mingi huipenda. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sokoni

Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa fedha za kidijitali wa Ethereum uliacha njia yake ya zamani ya kutumia kadi za picha usiku na mchana, na kadi nyingi zilizochoka zikaingia katika masoko ya mitumba. Kadi iliyotumika si haramu, lakini usilipe kabla haijafanya kazi mbele yako kwa nusu saa, mchezo mzito ukiendelea, nawe ukisikiliza feni na kutazama kama picha zina madoa. Pima urefu wa kadi na nafasi iliyomo ndani ya sanduku lako. Andika namba ya pawa saplai yako na uende nayo dukani. Na kama mtaa wako umeme hupanda na kushuka, kifaa cha kuutuliza kinunuliwe kabla ya kadi.

Kupanga ni kuchagua, ndugu msomaji, na hakuna anayeweza kuchagua asichokijua. Kijana anayedai aletewe chombo, aombwe kwanza karatasi ya mtihani yenye namba zake mbili. Akiileta, amekwisha kujifunza kupima kabla ya kutumia, na elimu hiyo haitazeeka kama prosesa. Naye mzazi aisome karatasi ile kwa haki, asije akamwita mwongo mtoto aliyesema kweli ila hakujua sababu. Na mama, ambaye jasho lake la upatu ndilo lililonunua kadi ya kwanza, aketi mezani wakati wa kuamua juu ya ya pili.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.